Mnusaji wa Chupa

Nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa. Mtu aogope nini katika nchi ambayo uhuru wa kusema umeandikwa hadi kwenye karatasi za kufungia sabuni? Siitaji kwa sababu ilibadilishwa jina mara nne ndani ya miaka kumi, na nikishika moja nitawaudhi waliokwisha kuagiza mihuri ya jingine. Itoshe kusema ilikuwa na bendera, gwaride na wizara thelathini na nane, na ya mwisho katika hizo iliitwa Wizara ya Chupa na Vifuniko.

Msicheke. Watu wa nchi ile walikuwa hawatupi chupa. Ikiisha soda ilitiwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakiadimika ilisuguliwa kwa mchanga na majivu, ikatiwa asali, baadaye siki, baadaye pilipili ya kusaga. Chupa nene ilisukumiwa chapati. Iliyotobolewa kifuniko na kutiwa utambi ikawa taa ya kusomea. Hata iliyovunjika ilikuwa na kazi, vipande vyake vilipandwa juu ya ukuta wa mwenye nacho ili asiye nacho asiruke. Aliyekwenda kumpa mtu pole alibeba chupa ya chai. Chupa ya mama mjamzito ilipopasuka wakunga walikimbia kwenda, na mume aliyepiga chupa tano alipoingia mlangoni watu walikimbia kutoka. Miwani ya wazee ilikuwa minene kama vitako vya chupa, na mtoto aliyekosa ziwa alilelewa kwa chupa, akakua, akapiga kura.

Sasa siku moja Waziri wa Maji alikwenda kufungua bomba wilayani. Bomba halikutoa kitu, kama ilivyo desturi ya mabomba yanayofunguliwa na mawaziri, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji akamletea maji ya kunywa kwenye chupa ya soda. Yalikuwa mafuta ya taa. Waziri hakufa, lakini hotuba yake iliishia dakika ya nne, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu uhuru, na taifa likaiomboleza hotuba siku tatu. Wiki iliyofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Utambuzi wa Chupa: chupa yoyote isitiwe kitu kipya kabla serikali haijajua ilikuwa na nini.

Sheria hii iliwakuta wagonjwa. Kwa miaka thelathini hospitali za nchi ile zilikuwa na dawa za maji lakini hazina chupa, na mgonjwa alijulikana kuwa mgonjwa kwa chupa aliyoshika mkononi. Akienda bila chupa alirudishwa nyumbani akaugue vizuri. Basi serikali ikaona kila hospitali ipate mtumishi wa kunusa chupa za wagonjwa na kuziandikia cheti, na ndivyo Mzee Mahimbo alivyopata kazi.

Mahimbo alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye pua ya kawaida kwa kuitazama. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua ufuta, akinusa mapipa na kusema lipi limechacha, mpaka kiwanda chenyewe kilipochacha. Kwenye usaili aliwekewa chupa tano mbele ya jopo. Ya kwanza akasema samli, ya pili dawa ya mende, ya tatu marashi yaliyochanganywa na maji na mtu mchoyo, ya nne asali ya nyuki wadogo. Ya tano ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya mwenyekiti wa jopo.

"Gongo," alisema Mahimbo kwa adabu. "Ya asubuhi hii, mzee."

Alipewa kazi papo hapo, kwa sharti kwamba akafanyie mbali na makao makuu. Akapelekwa hospitali ya wilaya aliyozaliwa, akapewa dirisha, stuli, muhuri na daftari la vyeti. Kila cheti kilikuwa na mstari mmoja wa kujaza: Chupa hii imewahi kuwa na nini.

Na aliipenda kazi hiyo. Tusimwonee kwa hilo. Asubuhi watu walipanga mstari wakiwa na chupa zao, na yeye aliziinamia moja moja akafumba macho. Aliyajua maisha ya watu kuliko mkuu wa wilaya. Alijua nani ameanza kupikia mafuta ya mgando na nani amehamia kwenye maji na chumvi. Chupa ya bibi mmoja iliyozoea kunuka mafuta ya nywele ilikuja inanuka ndimu na siki, akajua mume ameondoka na bibi ameanza kutengeneza achari za kuuza. Hakumwuliza. Aliandika "siki", akapiga muhuri, akasema, "Pole, dada," na yule bibi akamshangaa njia nzima.

Mwaka wa tatu alitakiwa kuandika taarifa. Akaandika alichokiona, au tuseme alichokinusa: zamani chupa za wilaya zilinuka samli, asali na mafuta ya alizeti, ila sasa katika kila chupa kumi, nane zinanuka maji matupu. Alidhani mtu wa juu akisoma hivyo atashika kichwa. Waziri wa Chupa na Vifuniko aliisoma bungeni akiwa amesimama.

"Waheshimiwa," alisema, "asilimia themanini ya chupa za wananchi wetu sasa zimefikiwa na maji."

Bunge lilipiga meza. Mahimbo alitumiwa hati ya pongezi yenye utepe. Mkewe Zawena, ambaye mtaani aliitwa Mama Sikudhani kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali, aliishika ile hati akaisoma mbele na nyuma.

"Baba Sikudhani," alisema, "umesifiwa kwa njaa yetu."

Akaitumia kufunikia chungu cha mchuzi. Mahimbo alinuna mpaka jioni, kisha akala mchuzi.

Mambo yangeendelea hivyo kama serikali isingeamua kujenga mnara. Ulikuwa Mnara wa Chupa, wa zege tupu, wa kwenda juu mita tisini, na kifuniko kitakachozunguka sikukuu. Ulitakiwa ujengwe katikati ya nchi, na kwa mujibu wa ramani iliyokuwa imekunjwa ofisini kwa waziri, katikati ya nchi palikuwa hapo hapo wilayani kwa kina Mahimbo. Siku ya kuweka jiwe la msingi waziri alikuja mwenyewe.

"Ndugu wananchi, chupa ni nini?" aliuliza, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kujibu, akajibu mwenyewe. "Chupa ni taifa. Taifa lisilo na kitako litaanguka, lisilo na shingo litajazwa na kila mtu, na lisilo na kifuniko litamwagika. Nani anataka tumwagike?"

Hakuna aliyetaka. Mashine za kusaga mawe zikawashwa siku ile ile, na hazikuzimwa. Vumbi jeupe likashuka juu ya mabati, kwenye maziwa, kwenye nguo zilizoanikwa, vifuani mwa watu. Mwezi wa pili wilaya nzima ilikuwa inakohoa. Serikali ilikataa kukiita kikohozi, maana kusema kikohozi kimetokana na mnara kungekuwa kuutukana mnara. Kwenye barua rasmi kiliitwa "mwitikio wa koo". Watu kumi na tisa walikufa kwa mwitikio wa koo kabla ya mvua za vuli.

Zawena naye akaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kisha cha kutwa, kisha ikawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mgongo ukutani na mto mapajani. Mwanamke aliyekuwa akiimba akitwanga alianza kupumzika kati ya ungo mmoja na mwingine. Mahimbo alimtazama anavyokonda, na kwa mara ya kwanza maishani akaogopa kitu ambacho hakikuwa na harufu.

Ndipo ikatangazwa Dawa ya Taifa. Ililetwa kwa mapipa ya bluu yenye picha ya mnara, bila malipo, kijiko kimoja mara tatu kwa siku, mgonjwa aje na chupa yake. Zawena alipeleka chupa ya kijani aliyokuwa akihifadhia siki. Mumewe alitaka kumpitishia mlango wa nyuma, naye akakataa.

"Nitapanga mstari kama wenzangu," alisema. "Wakikuona unanipendelea watasema na pua yako inapendelea."

Akapanga mstari kwa muda wa saa nne, akapewa cheti cha siki na muhuri, akajaziwa. Kuanzia siku hiyo Mahimbo alimnywesha mwenyewe, asubuhi, mchana akikimbia kutoka kazini, na jioni. Kijiko hakikumwagika hata mara moja, wala hakukinusa, maana pipa lilikuwa limeandikwa dawa.

Baada ya wiki mbili wagonjwa wa kwanza wakarudi kujaziwa tena. Mahimbo akainamia chupa ya kwanza, akatarajia harufu ya dawa. Akanusa mafuta ya karanga ya zamani, na juu yake maji. Ya pili, asali na maji. Ya tatu, maji na maji. Akakasirika. Niseme ukweli, alikasirika na wagonjwa. Alijiambia watu hawa hawana haya, wamekwenda kuuza dawa ya taifa na kujaza maji ya kisima ili wapewe nyingine wakauze tena. Akaandika "maji" kwa mkono mzito, cheti baada ya cheti, na kila alipopiga muhuri meza ilitikisika.

Kumbe kifungu cha tisa cha ile sheria kilikuwa kimelala kinasubiri. Kilisema mgonjwa ambaye chupa yake ya kurudia dawa hainuki dawa atahesabiwa ameiuza. Cheti cha Mahimbo ndicho kilichokuwa ushahidi, na hakikuhitaji shahidi mwingine. Siku ya pili askari wawili walisimama pembeni ya dirisha. Kila aliyepokea cheti cha maji walimshika mkono, wakampeleka kwenye ghala la pamba la zamani nyuma ya boma. Wengi walikuwa wanawake, kwa kuwa wanaume wa nchi ile walituma wanawake kuwapangia mstari. Aliyekuwa mbele yao ni Bi. Tunu, muuza vitumbua wa sokoni, aliyemwachia jirani mapacha wanaonyonya akidhani anakwenda na kurudi.

"Mzee Mahimbo," alisema huku askari amemshika, "nusa tena. Nimeinywa yote, naapa kwa wanangu."

"Mimi naandika ninachonusa, mama," alijibu Mahimbo. "Siongezi wala sipunguzi."

Na ilikuwa kweli, ndiyo maana alilala usingizi mzuri.

Siku ya tatu, kwenye saa tano hivi, mkono aliouzoea ulipitisha chupa ya kijani dirishani. Zawena alikuwa amefika kwa zamu yake, ameshikilia ukuta, kanga imemlegea mabegani. Hakuwa na pumzi ya kuamkia mtu. Mahimbo aliichukua ile chupa akainamia.

Siki ilikuwepo, mbali, imechoka. Juu yake maji.

Akainua uso. Akainamia tena. Chupa hii hakuna aliyeiuza. Alikuwa ameimimina kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko, siku kumi na nne, akamfuta mkewe midomo kwa ncha ya kanga. Aliwafikiria watu wa ghalani, thelathini na mmoja kwa daftari lake mwenyewe, kila mmoja kwa mwandiko wake mzuri. Askari mmoja alisogea.

"Imenuka nini, mzee?"

"Dirisha limefungwa," alisema Mahimbo, akashusha ubao bila kuandika cheti.

Alipita ndani hadi chumba cha dawa, akafungua pipa la bluu bila kuomba ruhusa, akaingiza kichwa kizima. Maji. Tena si maji ya mbali, ni ya kisima cha nyuma ya hospitali, na kisima kile kilikuwa na vyura. Mgawa dawa alikuwa anakula muhogo pembeni, hakushtuka.

"Bwana, haya ni maji," alisema Mahimbo.

"Mzee wangu, mimi napokea pipa lililoandikwa dawa, nagawa pipa lililoandikwa dawa," alisema yule. "Kuandika si kazi yangu. Karibu muhogo."

Mganga Mkuu alipopelekewa habari alifunga mlango, kisha dirisha, kisha koti lake mwenyewe hadi kifungo cha juu. Alimsihi Mahimbo afikirie upya. Mahimbo akasema ameshafikiria upya, ndiyo maana amekuja, na kwamba wale watu wafunguliwe leo. Mganga Mkuu akapiga simu makao makuu, akaongea akiwa amesimama wima. Siku mbili baadaye waziri aliwasili na magari tisa na Tume ya Harufu.

Tume ilikaa ukumbi wa halmashauri. Ilikuwa na wajumbe saba, wote wakubwa, na nyuma yao picha ya mnara. Pipa liliingizwa na wanaume wanne, limefunikwa bendera, watu wakasimama. Kisha wajumbe wakaanza kunusa kwa kufuata vyeo.

Mkuu wa wilaya alinusa, akasema, "Dawa."

Mwanasheria wa serikali alinusa kwa mbali, bila kuathiri haki yake ya kunusa baadaye, akasema, "Dawa, kwa maana pana."

Mkuu wa magereza akasema ni kali mno, imemtoa machozi, akayatoa. Mjumbe wa nne, aliyekuwa na mafua tangu mwaka jana, akasema anaisikia inashuka mpaka magotini. Wa tano, wa sita na wa saba wakasema wanaungana na wa nne. Waziri hakunusa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye pipa.

"Sasa tumsikie mtumishi," alisema.

Mahimbo alisogea, akanusa kama anavyonusa siku zote, macho yamefumbwa, bila haraka. Nje mashine za mnara ziliendelea kusaga.

"Maji, mheshimiwa," alisema. "Ya kisima cha hapa hapa. Yana chura."

Mjumbe wa saba alifuta pua yake kwa leso.

"Mzee Mahimbo," alisema waziri kwa upole wa kutisha, "hapa zimenusa pua saba. Ya kwako ni ngapi?"

"Moja, mheshimiwa."

"Na katika nchi inayojitawala, saba na moja, nani ameshinda?"

"Saba, mheshimiwa. Ila maji hayajapiga kura."

Mtu mmoja nyuma alicheka akatolewa nje. Waziri akaahirisha kikao ili tume ikapate chakula, akamwita Mahimbo chumba cha pembeni, wawili tu. Akamimina chai kutoka kwenye chupa ya chai yenye maua, akamsogezea kikombe kwa mikono miwili, kama anayempokea mkwe. Kabla hajaanza kusema alikohoa kwa muda mrefu, ameishikilia meza, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Vumbi lenu hili," alisema akijifuta. "Mzee wangu, mimi si mtu mbaya. Nisikilize. Mapipa yale yamelipiwa na nchi rafiki, yamepigiwa ngoma, yamepigwa picha. Nikisema ni maji, nani atakuwa amekula dawa? Jibu linapanda juu, juu, mpaka mahali ambapo mimi na wewe hatuna shingo ya kutazama. Lakini wewe ukisema pua yako ilikosea, hapana aliyekula kitu."

"Na walioko ghalani?"

"Wanatoka leo hii. Chupa zao zitakuwa zimenuka dawa, si ndiyo? Cheti kipya, wanarudi kwao." Akanywa chai. "Nasikia yule muuza vitumbua ana mapacha. Nasikia pia mama wa kwako hajambo kidogo."

"Hajambo," alisema Mahimbo, akageuza uso.

"Ipo dawa nyingine, ya stoo ya wakubwa. Imekuja na lakiri yake, haijaguswa na mtu. Chupa yake yenyewe, si ya kuazima kwa siki. Mimi mwenyewe natumia. Nitakupa moja, leo, mkononi."

Nimesema mwanzoni kwamba tusimwonee. Mahimbo alikaa pale mpaka chai ikapoa. Alijua akikataa, mapacha wa Bi. Tunu watazoea maziwa ya jirani, na Zawena hatauona mwezi ukiandama. Alijua pia akikubali, mstari wa kesho utajaziwa maji, na wa keshokutwa, na wale wasio na mume anayenusa watakufa wakiwa na cheti. Alitafuta njia ya tatu kichwani, akaitafuta sana, kama mtu anayepapasa mvunguni. Hakuipata. Akaomba fomu.

Fomu ilikuwa tayari imepigwa chapa. Ilisema mimi fulani, pua yangu ilipata hitilafu kuanzia tarehe fulani, na sasa imerejea katika hali yake ya utiifu. Sahihi ya mkono haikutosha, kwa kuwa si mkono uliokosea. Wakaleta kidau cha wino, mwanasheria akamshika Mahimbo kisogo kwa heshima zote, akamwinamisha, pua ikagusa wino, kisha ikagusa karatasi. Mwanasheria alipuliza ile alama ikauke. Alisema imetoka vizuri.

Ghala likafunguliwa alasiri ile ile, kwa kweli waziri alitimiza. Walitoka thelathini, maana mmoja, mzee wa watu, mwitikio wa koo ulimchukua usiku wa kuamkia siku hiyo. Walitoka wamefinya macho kwa mwanga, kila mmoja na chupa yake iliyojazwa tena na cheti kipya. Bi. Tunu alimwona Mahimbo amesimama pembeni ya njia, ameshika kifurushi cha karatasi, na pua nyeusi katikati ya uso. Akasimama.

"Shikamoo, Mzee Mahimbo. Wanasema wewe ndiye umetutoa."

"Marahaba, mama. Nenda kwa wanao."

"Nakwenda. Ila niambie, ikiisha hii nije tena kujaziwa? Ni dawa kweli?"

"Imeandikwa ni dawa," alisema Mahimbo.

"Sikuuliza ilivyoandikwa."

Mahimbo alitazama chini. Bi. Tunu aliitazama ile pua, kisha chupa yake mwenyewe mkononi. Akaigeuza, akamwaga yote barabarani, taratibu, mpaka tone la mwisho, akaendelea na safari bila kuaga. Vumbi jeupe pale chini liligeuka tope.

Nyumbani Zawena alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, jua la jioni limemfika miguuni. Alimwona mumewe akiingia na pua yake, na hakuuliza. Alikuwa ameshasikia; mtaa ule habari ziliwahi kufika kuliko watu. Aliloweka ncha ya kanga kwenye kata, akamwashiria asogee, akamsugua ile pua polepole, akisimama kukohoa na kuanza tena. Wino wa serikali ulikuwa mzuri, haukutoka wote.

"Wametoka?" aliuliza.

"Wametoka."

"Umefanya vizuri, Baba Sikudhani." Akapumzika. "Au hukufanya vizuri. Sijui. Lakini wametoka."

Mahimbo alifungua kifurushi. Ilikuwa chupa nzuri, ya kahawia, yenye karatasi ya maandishi ya kigeni na lakiri nyekundu juu ya kifuniko. Akaivunja lakiri kwa jino. Akafungua. Akaiinamia kwa mazoea, macho yamefumbwa.

Akakaa hivyo.

"Mbona unanusa muda mrefu?" aliuliza Zawena.

"Nahakikisha."

"Ndiyo yenyewe?"

Mahimbo alifumbua macho. Kisima hiki hakukijua, kilikuwa cha mbali zaidi, na hakikuwa na vyura. Hiyo ndiyo tofauti yote.

"Ndiyo yenyewe, mama," alisema. "Ndiyo wanayotumia wakubwa."

Akamimina kijiko, mkono wa kushoto umekinga chini kisimwagike, akampelekea mdomoni. Zawena hakuwa na pua ya serikali, lakini ulimi alikuwa nao, na maji alikuwa ameyanywa tangu kuzaliwa. Aliyashika kinywani kidogo. Alimtazama mumewe, jinsi alivyoinama mbele yake na kijiko kitupu, macho mekundu, wino umebaki kwenye vitundu vya pua. Akameza. Kisha akakunja uso wote, akajifuta mdomo kwa kiganja kama mtu aliyelambishwa shubiri.

"Chungu," alisema.

Akafungua mdomo apewe kijiko cha pili.